Niliogopa Jina Kuliko Kisu

Kama wewe ni mzee, na mkojo umeanza kukutesa, na umejificha na hii karatasi kama mtu anayesoma barua ya mwanamke, karibu, kaa. Hakuna anayekuona. Mimi pia nilijificha. Nilijificha vizuri mpaka karibu nijifiche kaburini.

Jina langu ni Dahir. Lakini ukija hapa Iftin, mtaa wetu wa Garissa, kuuliza Dahir utaonyeshwa kumi. Mimi uliza Afmishaar. Kwa Kisomali ni mtu mwenye mdomo wa msumeno. Shule niliacha darasa la tano kule Wajir, siku ngamia wa baba walipotea upande wa Hadado nikatumwa kuwatafuta. Ngamia walirudi, mimi sikurudi. Kwa hivyo Kiswahili changu ni cha lori na soko, na herufi ya p na ya b bado zinanicheza. Binti yangu Sahra ndiye anaziweka sawa. Lakini maneno ni yangu, usimlaumu.

Kwanza nieleze mambo ya majina, kwa sababu ugonjwa wangu ulianzia hapo, sio tumboni. Sisi watu wa huku hatuna huruma na mwili wa mtu. Ukiwa na kipara, wewe ni Bidaar. Ukikatika mkono, wewe ni Gacmey mpaka ufe, na mjukuu wako ataitwa mjukuu wa Gacmey hata akiwa na mikono mitatu. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika ndio jina linashika zaidi. Na hapa mjini, wazee wa rika langu, nusu yao majina niliwapa mimi. Nilijisikia fundi.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Yusuf. Tulikuwa madalali wa ngamia kwenye soko la mifugo, yeye na mimi, zaidi ya miaka thelathini. Kama hujaona dalali wa ngamia akifanya kazi, ni hivi: dalali na anayenunua wanashikana mkono, wanafunika kwa shuka, halafu wanaongea kwa vidole. Ukishika kidole kimoja ni moja, ukikamata mkono mzima ni tano. Watu wamesimama pembeni wanaona shuka tu linatikisika. Bei haitoki mdomoni. Yusuf alikuwa na vidole virefu, vikavu, na mkononi mwake ulikuwa unajua kabisa ni lini anadanganya.

Tulipozeeka tukaacha soko, tukahamia kwenye benchi ya chai karibu na msikiti. Wazee sita, saba, birika moja, umbea wa kata nzima. Hapo ndipo nikaona Yusuf anainuka. Anakunywa kikombe, anainuka, anaenda nyuma ya ukuta. Anarudi, hata hajakaa vizuri, anainuka tena. Siku moja alipoinuka mara ya nne nikasema kwa sauti, "Warya, huyu sio mtu, huyu ni Ceel!"

Ceel ni kisima. Benchi nzima ilicheka mpaka Bidaar, mwenzetu mwenye kipara, akamwagikiwa na chai. Yusuf pia alicheka. Kesho yake watoto wa barabarani walikuwa wanamwita Ceel.

Baada ya hapo akawa anakunywa nusu kikombe. Halafu akawa anakaa bila kunywa. Halafu hakuja tena. Mimi nikasema amezeeka, amekuwa mtu wa mkeka. Wallahi hiyo ndiyo hesabu niliyofanya.

Yangu ilikuja hagaa mbili baadaye, ule msimu wa upepo na vumbi. Nilisimama nyuma ya ukuta ule ule wa Yusuf, nikangoja. Nikangoja. Ikatoka kama bomba la maji la mtaa wetu: tone, halafu hewa, halafu tone. Nikasema ni baridi. Garissa, baridi! Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Sikumwambia mtu. Kila nikifikiria kusema, nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukinipa jina. Nilikuwa na majina manne tayari, yote mazuri, yote yananihusu. Nikaanza kufanya kama Yusuf: nusu kikombe, halafu hakuna. Mvua ya deyr ikaja ikaenda. Jilaal ikaingia, ule ukame mrefu, joto la kuchemsha maji kwenye jagi, na mimi nakunywa glasi moja tu kwa siku. Midomo ikapasuka. Mke wangu Habiba akauliza kama nafunga sunna. Nikasema ndiyo. Akanisifu. Nimeishi na yule mwanamke miaka arobaini na tano, na sifa yake ya kwanza nimeipata kwa uongo.

Halafu nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Nilienda Galbet kwa mzee mmoja anayechoma watu kwa chuma cha moto, dawa ya zamani. Akanichoma mara nne chini ya kitovu. Akasema kama ni jini litatoka. Jini halikutoka, na mkojo pia haukutoka. Sasa nilikuwa na magonjwa mawili.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Tangu asubuhi hakuna hata tone. Niliingia chooni, nikamimina maji ya kindoo ili mwili usikie sauti uige. Nikaruka ruka. Nikasoma kila sura niliyokumbuka. Tumbo lilikuwa limepanda gumu kama la ngamia aliyefika kisimani baada ya wiki mbili. Nikatoka nimeshika ukuta.

Habiba akaniangalia tumbo. "Kwani una mimba?"

"Ni malaria," nikasema.

"Malaria ya miezi mingapi?"

Nilitaka kujibu, nikaanguka.

Sahra aliita gari. Njia nzima nilikuwa nalia kama ndama, na katikati ya kulia bado nasema malaria, malaria. Hospitali sista mmoja, Mkamba mnene mwenye mikono ya joto, akaniuliza, "Mzee, umekojoa lini mwisho?"

"Nina malaria."

Akaweka mkono juu ya tumbo langu, taratibu. "Hii malaria yako imejaa mkojo, guka. Lala chini." Guka ni babu.

Sitaeleza jinsi mpira wa mkojo unavyoingizwa. Wewe mwanaume unayesoma, umeshabana miguu, nakuona. Nitasema tu kwamba inauma kidogo, halafu kinachokuja ni rehema ambayo sijawahi kuona, hata siku ya harusi yangu, na Habiba asisome hapa. Mkojo ulijaza mfuko, wakaleta mwingine. Nililia tena, safari hii kwa raha. Nilimwombea yule sista dua ndefu kuliko niliyowaombea wazazi wangu.

Daktari alikuwa kijana, angekuwa mjukuu wangu. Alisema ni tezi dume, inafunga njia, inapata wazee wengi, na inatibika. Halafu akasema lile la pili. Mkojo uliokaa ndani muda mrefu umerudi nyuma ukaumiza figo. Hawezi kunipasua sasa. Presha iko juu, figo zinataka kupumzika. Nitaenda nyumbani na mpira, nirudi kila mwezi kuubadilisha, na damu ipimwe. Figo zikipanda, yaani zikianza kupona, nitapasuliwa. Zisipopanda, akaonyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, chumba cha mashine za kuosha damu.

Huo ulikuwa mpira wa kwanza. Tangu hapo sikuhesabu miezi, nilihesabu mipira.

Nyumbani mfuko nilifunga pajani chini ya kikoi, kwa kamba ya kufungia mbuzi. Nikitembea ulikuwa unasema chwa, chwa. Habiba ndiye alikuwa aumwage, lakini macho yake yana ukungu. Mara ya kwanza alimwaga kwenye kiatu changu, mara ya pili kwenye mkeka wa kusalia. Mara ya tatu ikabidi Sahra.

Hapa nataka kusema kitu bila mzaha. Kwetu mtoto wa kike haoni mapaja ya baba yake. Hata nikiwa mgonjwa wa kufa. Sahra ni mama wa watoto wanne, anafundisha shule, watu wanasimama akipita. Alipiga magoti mbele yangu na beseni, akageuza uso pembeni, akapapasa kwa mkono mpaka akapata kile kifungo cha mfuko. Mimi nilijifunika kichwa kwa shuka. Tulikuwa watu wawili vipofu kwenye chumba kimoja. Nilisikia mkojo wangu unaingia kwenye beseni, na nikamwomba Mungu anichukue kabla hajamaliza.

Hakunichukua. Kesho yake asubuhi Sahra akaja tena na beseni.

Nje, wote watatu tulidanganya. Malaria. Majirani walileta maziwa ya ngamia na sambusa, wakaniombea malaria itoke. Mwanangu alipiga simu kutoka Nairobi, naye akaambiwa malaria, akasema malaria gani ya mwezi mzima, akagombana na dada yake kwamba hanitunzi. Sahra aliweka simu chini, akakaa sakafuni.

"Aabo," akaniambia, "kumwaga huo mfuko sijachoka. Nimechoka kudanganya."

"Wakijua watanipa jina."

"Si wakupe! Jina linaua?"

Nilidhani najua jibu.

Msikitini sikwenda tena. Nilikuwa naona nimebeba najisi, nitasimamaje kwenye safu? Nikamtuma mjukuu amwite sheikh, nikamwambia kuna rafiki yangu mmoja, yuko mbali sana, kule Mandera, amewekwa mpira, anauliza kama sala yake inafaa. Sheikh akaangalia ukuta, akaangalia kikoi changu, akanywa maji yake.

"Mwambie huyo rafiki yako wa Mandera," akasema, "atawadhe kila wakati wa sala ukiingia, asali hivyo hivyo. Mungu hamtwiki mtu zaidi ya uwezo wake. Na aje msikitini, asimame mwisho wa safu, mtu asije akamkanyagia mfuko."

"Nitamwambia."

"Mwambie tumemkosa."

Lakini sikwenda.

Mpira wa pili ulileta homa. Nilitetemeka kwenye joto la jilaal, mablanketi matatu juu. Na siku moja alasiri, wote wametoka nje, nikafikiri: huu mpira ndio ugonjwa. Nikaukamata nikauvuta. Ndugu yangu, usijaribu. Kuna puto ndogo ndani inayoushikilia. Damu iliyotoka, Habiba alidhani nimechinjwa. Hospitali siku sita. Sista yule Mkamba hakunigombeza. Alinawa mikono tu, akasema, "Guka, tuanze tena." Huo uliorudishwa niliuhesabu bado ni wa pili.

Nilipotoka, nililala nimeangalia ukuta. Chakula sitaki. Mtu akiingia nafumba macho. Nilikuwa nahesabu nyufa, na nilikuwa nimeamua kwamba ufa wa juu ukifika dirishani nitakuwa nimekufa, na ilikuwa sawa kabisa. Habiba anasema alijua naenda siku aliyomtaja mama yake na mimi sikusema neno baya. Miaka arobaini na tano sijawahi kuacha nafasi hiyo ipite. Alitoka nje, nikamsikia analia kwenye kuku.

Nilibebwa kwenda mpira wa tatu kama gunia. Mawingu ya gu, ile mvua ndefu, yalikuwa yameanza. Benchi ya kungoja ilikuwa imejaa, Sahra akanipatia nafasi mwisho, karibu na ule mlango wa mashine. Pembeni yangu kulikuwa na mzee kwenye kiti cha magurudumu, amevimba uso, miguu kama mitungi. Nikamsalimia bila kumwangalia.

"Waalaykum salaam, Afmishaar."

Nikageuka. Sikumjua. Halafu nikaona vidole.

"Yusuf?"

Sikuwa nimemwona mwaka na zaidi. Tunakaa mitaa miwili mbali. Hakuuliza kitu. Alivuta shuka lake begani, akafunika mkono wake na wangu, pale pale mbele ya watu, kama tunauziana ngamia. Akagusa kidole changu kimoja, akainua nyusi. Mwezi mmoja? Nikashika vidole vyake vitatu. Mipira mitatu. Akatikisa kichwa.

Halafu akakamata mkono wangu mzima. Tano.

"Miezi mitano?" nikanong'ona.

"Miaka."

"Yusuf. Tangu ile benchi?"

"Kabla ya ile benchi. Siku ile nilikuwa nimekuja kukuambia wewe. Nilitaka unisindikize hospitali, nilikuwa naogopa kwenda peke yangu. Nilikuwa nangoja wengine waondoke."

Ukumbi mzima uliendelea na mambo yake. Mtoto alikuwa analia, mtu anaitwa jina. Mimi nilikuwa nimeshika mkono ule na sikuwa na neno. Mimi!

"Ungeniambia tu," nikasema mwisho.

"Nikuambie wewe? Kisu cha daktari ningevumilia, kinakata mara moja. Lakini jina la Ceel wangelirithi watoto wangu." Akapumzika, pumzi ilikuwa fupi. "Nilikaa nyumbani. Nikaacha maji. Nilipokuja huku wakasema figo zimekufa zote mbili."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ulikuwa unachekesha, hiyo ndiyo shida yako." Halafu akaangalia kikoi changu, pale kilipovimba. "Sasa wewe utaitwa nani?"

Nikamwambia yale majina manne. La tatu alicheka mpaka sista akatoka kuangalia kama anakata roho. Hayo majina siyaandiki. Niliyapeleka kwake tu.

Tangu siku hiyo nilikula. Siku zake za mashine nilimwambia Sahra anipeleke hata kama sina miadi, nikae naye kabla hajaingia. Mvua ya gu ilinyesha vizuri, Tana ikajaa, mbu wakawa wengi kuliko watu. Tulikuwa tunashikana chini ya shuka, anauliza hesabu ya figo zangu imepanda ngapi, namjibu kwa vidole. Yangu ilikuwa inapanda polepole. Yake hakuna cha kupanda. Alikuwa anafurahia yangu kama ngamia wetu wa shirika.

Alikufa katikati ya mvua, siku ya mashine, kabla gari halijafika nyumbani kumchukua. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nilikwenda kuzika na mpira wangu. Udongo ulikuwa tope, wanaume walikuwa wamekunja vikoi juu, nami nikakunja changu nikachukua sepetu, nikasahau. Nilipoinama mara ya pili mfuko ukaning'inia nje, umejaa, wa njano, mbele ya wanaume wote wa Iftin. Sepetu zote zikasimama.

Ndiyo ile siku niliyokuwa naikimbia tangu hagaa. Nilingoja mtu aseme jina. Hakuna aliyesema. Nikasema mwenyewe.

"Mnaona? Sio malaria. Ni mpira wa mkojo. Yusuf alikuwa na ugonjwa huu huu, na angepona. Alikuja kutuambia pale kwenye chai. Mimi nikamwita Ceel."

Mvua ndogo. Halafu Bidaar, yule aliyemwagikiwa chai, akaja akapiga magoti kwenye tope, akashika mfuko wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la maziwa. "Endelea kuchimba," akasema. "Nimekushikia." Nikatupa udongo mpaka mwisho, na Bidaar ananifuata pembeni hatua kwa hatua.

Kabla ya magharibi nilikuwa naitwa Dahir Mpira. Sahra alisema ukweli, jina haliui ukilibeba mwenyewe.

Nilipasuliwa mwisho wa gu, baada ya mpira wa nne. Nisikudanganye kwamba nilikuwa shujaa. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nilishika kiuno cha sista Mkamba nikakataa kuachia. Baadaye, wiki nyingi, mkojo ulikuwa unatoka bila kuniuliza. Nyumbani tulivaa nepi watu wawili, mimi na mjukuu mdogo, na yeye aliacha kabla yangu. Lakini asubuhi moja, nepi nimeivua, nilisimama chooni peke yangu na kopo, nikasikia mlio. Mlio mrefu, wa mwanaume. Habiba alikuwa amesimama nje ya mlango anasikiliza bila aibu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Figo zangu hazikurudi zote. Nakunywa dawa, napimwa, bado naogopa ule mlango wa mwisho kwenye ukumbi. Na Yusuf hayuko. Nikikaa kwenye benchi, upande wangu wa kulia kuna baridi, Garissa hii hii.

Juzi mtoto wake mkubwa, Hussein, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuja nyumbani kwangu. Alileta lile shuka la baba yake. "Aabo alisema ulichukue wewe," akasema. Nikashukuru. Akakaa. Akakunywa nusu kikombe cha chai, akasukuma kikombe. Akaongea habari za mbuzi. Akainuka, akaenda nje, akakawia. Akarudi. Akaongea habari za mbuzi tena.

"Adeer Dahir," akasema, kama mtu anayemwita ami yake, halafu akaangalia mkeka.

Ulimi wangu, wallahi, ulikuwa tayari. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno, na lilikuwa zuri. Nililimeza. Nikafungua shuka la Yusuf, nikafunika mkono wangu na wake. Ana vidole vya baba yake. Nikangoja. Halafu akashika kidole kimoja, akakiachia, akashika cha pili.

"Miezi?"

Akaitikia kwa kichwa, uso umelowa.

"Miezi miwili ni kitu kidogo," nikamwambia. "Maliza chai yako. Nachukua bakora, twende wote."